Hella Wuolijoki, mwenye shamba aliyewaandikia watumishi

Alizaliwa Estonia, akavuma Ufini kwa jina la mwanamume, akampa Bertolt Brecht kisa cha tamthilia, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, kisha akatoka gerezani na kuongoza redio ya taifa.

Mwaka 1936 mchezo mpya uliingia jukwaani katika ukumbi wa Helsingin Kansanteatteri, jijini Helsinki, na haukupita muda watu wakawa hawana habari nyingine. Ulimhusu bibi mzee mwenye shamba kubwa, mwanawe aliyeoa kwa ajili ya mali kisha akampenda mwalimu wa shule, na kijiji kisichojua kufunga mdomo. Mwandishi alitajwa kuwa ni Juhani Tervapää, jina la mwanamume wa Kifini, tena wa mashambani. Waliouona mchezo walikubaliana kwamba bwana huyo anawajua wakulima wa nchi yake nje na ndani.

Bwana huyo hakuwapo. Aliyeandika alikuwa mama wa miaka 49, Mwestonia kwa kuzaliwa, msoshalisti kwa itikadi, aliyekuwa ameongoza kampuni ya mbao na aliyekuwa bado akimiliki shamba kubwa lenye jumba na watumishi. Jina lake halisi lilikuwa Hella Wuolijoki, na halikufaa kubandikwa kwenye tangazo la ukumbi wowote uliotaka kuishi kwa amani na serikali.

Sababu ilijulikana. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa ameandika mchezo uitwao Laki ja järjestys, yaani Sheria na Utaratibu, uliogusa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1918, pale Wafini Weupe wa upande wa serikali na Wafini Wekundu wa mrengo wa kushoto walipouana kwa maelfu. Kidonda kilikuwa hakijapona, na mchezo ukapigwa marufuku. Isitoshe, Ufini ya miaka hiyo ilikuwa imetoka kutikiswa na harakati za mrengo wa kulia zilizowapiga, kuwateka na kuwatisha watu wa mrengo wa kushoto, na vyama vya kikomunisti vilikuwa vimefungiwa tangu 1930. Mwanamke huyu, ambaye sebule yake ilijaa wanasiasa wa kushoto na waandishi wa habari wa kigeni, alikuwa na jalada nene katika ofisi za polisi wa usalama. Akajificha nyuma ya Juhani, na Juhani akamtoa.

Siri yenyewe haikudumu. Kilichodumu ni mchezo.

Mtoto wa nchi yenye mabwana wawili

Hella Wuolijoki alizaliwa tarehe 22 Julai 1886 katika eneo la Helme, kusini mwa Estonia ya leo, akapewa jina la Ella Marie Murrik. Alikulia Valga, mji mdogo ulio mpakani na Latvia. Wakati huo nchi iitwayo Estonia haikuwapo kwenye ramani. Eneo lao lilikuwa sehemu ya jimbo la Livonia ndani ya dola ya Urusi, na Waestonia walikuwa na mabwana wawili: makabaila wa Kijerumani waliomiliki ardhi kwa karne nyingi, na wakuu wa Kirusi waliotawala kutoka St Petersburg. Utumwa wa mashambani ulikuwa umefutwa Livonia mwaka 1819, lakini mkulima aliachiwa uhuru bila kuachiwa shamba. Kumiliki ardhi aliyoilima kulimchukua vizazi kadhaa vya kodi na madeni.

Mtoto aliyezaliwa katika mazingira hayo alijifunza mapema kwamba lugha ni cheo. Nyumbani alizungumza Kiestonia. Shuleni, kwa amri ya dola, alisoma kwa Kirusi. Kijerumani kilikuwa lugha ya jumba la bwana na ya watu waliotaka kuonekana wastaarabu. Ella Murrik alizimudu zote, na kila moja ilikuja kumfaa.

Alipelekwa Tartu, mji wa chuo kikuu, kusoma katika shule ya wasichana iliyobeba jina la mshairi Pushkin. Tartu ndiko tamthilia ya Kiestonia ilikozaliwa: mwaka 1870 mshairi Lydia Koidula alionyesha mchezo wake wa kwanza katika chama cha uimbaji cha Vanemuine, na kwa mara ya kwanza wakulima wakasikia lugha yao ikitamkwa jukwaani kama lugha yenye heshima. Murrik alikua akilisikia jina la Koidula kama jina la mama wa taifa. Mwaka 1932, akiwa tayari mtu mzima wa Helsinki, alimrudia na kuandika mchezo uliobeba jina hilo.

Mwaka 1904 alivuka Ghuba ya Ufini, umbali wa kilomita 80 hivi kutoka Tallinn, akajiunga na Chuo Kikuu cha Helsinki kusoma lugha, historia na fasihi simulizi. Kifini na Kiestonia ni ndugu wa damu, kwa hiyo haikumchukua muda mrefu kukizoea. Mwaka 1908 alipata shahada ya uzamili, na Waestonia wanamkumbuka kuwa mwanamke wa kwanza wa taifa lao kufikia kiwango hicho.

Lakini darasa lililombadilisha lilikuwa barabarani. Mwaka 1905 mgomo mkuu uliotikisa dola nzima ya Urusi ulifika Helsinki. Treni zilisimama, viwanda vikanyamaza, na wafanyakazi wakashika ulinzi wa mitaa. Mwaka uliofuata Ufini ikawa nchi ya kwanza Ulaya kuwapa wanawake haki ya kupiga kura, na ya kwanza duniani kuwapa wote haki kamili ya kugombea. Uchaguzi wa 1907 uliingiza bungeni wanawake 19, baadhi yao wakiwa wamewahi kuwa watumishi wa majumbani. Msichana wa Valga aliyaona hayo kwa macho yake akiwa na umri wa miaka 20. Mtumishi anaweza kuwa mbunge: wazo hilo lilimkaa, na miaka 30 baadaye likatoka kama tamthilia.

Ndoa, mbao na jumba la Marlebäck

Mwaka 1908 aliolewa na Sulo Vuolijoki, mwanasiasa wa chama cha Social Democrat na mtoto wa familia ya wakulima wenye uwezo kutoka Hauho, mkoa wa Häme. Mume alikuwa miongoni mwa Wafini waliojuana na Lenin. Walipata binti mmoja, Vappu, jina ambalo kwa Kifini ni la sikukuu ya Mei Mosi. Ndoa haikudumu, walitalikiana mwaka 1923. Hata hivyo ilimwachia Hella vitu viwili vikubwa: jina ambalo aliendelea kuliandika kwa W, na kumbukumbu ya nyumba ya wakwe kule Hauho, pamoja na wanawake wake waliokuwa wakiishika kwa mkono wa chuma. Nyumba hiyo ndiyo iliyozaa Niskavuori, shamba la kubuni ambalo kila Mfini analijua kama kwamba liko kwenye ramani.

Mchezo wake wa kwanza, Talulapsed, yaani Watoto wa Shambani, aliuandika kwa Kiestonia mwaka 1912. Ulihusu wakulima wa nchi yake na moto wa mapinduzi, na wakuu wa dola ya Urusi waliuona kuwa ni kibiriti. Ukapigwa marufuku. Kwa hiyo mwandishi huyu alinyamazishwa kwanza na Warusi kwa kuwatetea Waestonia, kisha akanyamazishwa na Wafini kwa kuwakumbusha vita vyao. Si waandishi wengi waliofungiwa na dola mbili zilizochukiana.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Wuolijoki aligeukia biashara. Alifanya biashara ya nafaka, sukari, kahawa na mbao, na akagundua kwamba lugha zake nyingi zilikuwa mtaji. Mwaka 1920 alinunua Marlebäck, jumba na shamba lake huko Kausala katika wilaya ya Iitti, na katika miaka ya 1920 akaongoza kampuni ya mbao iliyoyatazama masoko ya nje. Mwanamke kuketi kwenye kiti hicho, katika sekta iliyokuwa ya wanaume watupu, lilikuwa jambo la ajabu.

Hapa ndipo wapinzani wake walipomshika shati, na si wao tu. Hata wenzake wa kushoto walinung'unika. Inawezekanaje mtu ahubiri usawa akiwa na jumba, watumishi na dereva? Swali hilo ni la haki na yeye hakuwahi kulimaliza. Alipenda starehe, alipenda wageni, alipenda kuwa katikati ya mambo. Mdogo wake Salme alichagua njia iliyonyooka zaidi: alikwenda Uingereza, akaolewa na Rajani Palme Dutt, mmoja wa viongozi wakuu wa Chama cha Kikomunisti cha nchi hiyo, na akaishi maisha ya chama. Hella alibaki na shamba lake na itikadi yake, vyote viwili chini ya paa moja.

Mdororo wa uchumi wa dunia mwanzoni mwa miaka ya 1930 uliipiga biashara ya mbao, na kampuni yake ikaporomoka. Akiwa na madeni shingoni, alirudi kwenye kalamu kwa nguvu mpya. Kuanzia hapo hadi vita vya 1939 aliandika karibu kila mwaka.

Bibi Loviisa na simu ya kijiji

Mchezo ule wa 1936 uliitwa Niskavuoren naiset, Wanawake wa Niskavuori, na uliongozwa na Eino Salmelainen. Kisa chake ni chepesi kukisimulia. Aarne, mrithi wa Niskavuori, amemwoa Martta, mwanamke aliyekuja na mali iliyoliokoa shamba. Anafika mwalimu mpya, Ilona, msomi, mwenye mawazo ya mjini, na Aarne anampenda. Mama yake Aarne, Loviisa, anajua kila kitu na anataka kitu kimoja tu: shamba lisigawanyike. Kumwacha Martta ni kurudisha mali yake, na kurudisha mali yake ni kulibomoa shamba.

Mwandishi mwingine mwenye siasa za Wuolijoki angemfanya Loviisa kuwa mchawi wa hadithi: bibi mwenye pesa na roho mbaya anayewazuia vijana kupendana. Wuolijoki alikataa. Alimpa Loviisa akili kuliko wote, ucheshi kuliko wote na maneno mazito kuliko wote. Tunagundua kwamba yeye mwenyewe aliolewa kwa ajili ya mali yake, kwamba mumewe alikuwa na wanawake nje, na kwamba aliyameza yote hayo kwa sababu aliamini watu hupita na shamba hubaki. Anapomkabili Ilona hamtukani kama malaya. Anazungumza naye kama mtu anayejua bei ya kila kitu kwa kuwa ameilipa. Mtazamaji aliyeingia ukumbini akiwa upande wa wapendanao hujikuta akitikisa kichwa kumkubalia bibi.

Kisha kuna kituo cha simu. Katika kijiji cha wakati huo simu zote zilipitia ubao mmoja, na mwanamke aliyeuendesha alisikia kila neno. Wuolijoki aliweka ubao huo jukwaani, akawafanya wanawake wa kijiji wapashane habari za uzinzi wa Aarne na Ilona kwa sauti ya huruma, ya kicheko na ya kijicho, hadi mtazamaji anahisi kijiji kizima kinapumua shingoni mwa watu wawili. Hakuna anayepigwa wala kufukuzwa. Wanasemwa tu, na hilo linatosha kuwaondoa. Mwishoni Aarne anaondoka na Ilona na kuliacha shamba mikononi mwa mama yake.

Watazamaji walitaka zaidi, na mwandishi akawapa. Mwaka 1938 ulifuata Niskavuoren leipä, Mkate wa Niskavuori, ambamo Aarne na Ilona wanarudi, na mwalimu wa mjini anajikuta akirithi funguo za nyumba aliyoidharau. Mwaka 1940 ukaja Niskavuoren nuori emäntä, unaorudi nyuma hadi ujana wa Loviisa, pale bibi harusi mpya anapogundua kwamba mumewe ana mtoto na Malviina, mtumishi wa maziwa. Mwaka 1950 ukawa wa Heta, binti mwenye kiburi aliyepata mimba kabla ya ndoa, akaolewa na kibarua Akusti ili kuficha aibu, kisha akamdharau mwanamume huyo mwema maisha yake yote hata alipowatajirisha. Wa tano, wa 1953, uliuliza Niskavuori itafanya nini baada ya vita.

Ukiisoma michezo hiyo mitano kwa pamoja unapata historia ya Ufini ya mashambani kuanzia miaka ya 1880 hadi Vita Kuu ya Pili, ikisimuliwa na wanawake wanaoshika funguo za ghala. Sinema saba zilitengenezwa kutokana nayo, ya kwanza mwaka 1938 na ya mwisho mwaka 1984, na kumbi za Ufini hazijaacha kuionyesha hadi leo.

Mtumishi aliyefika Hollywood

Mwaka 1937, huku moto wa Niskavuori ukiwa bado unawaka, Juhani Tervapää alitoa mchezo mwingine: Juurakon Hulda, Hulda wa Juurakko. Hulda ni msichana wa kijijini anayefika Helsinki bila kazi wala pa kulala. Anaingia katika nyumba ya mwanasiasa mkubwa kama mtumishi wa ndani. Mchana anafua, anapika na kuhudumia wageni, usiku anasoma. Wanaume wenye vyeo wanajadili mustakabali wa taifa mezani huku yeye akiwapitishia sahani, na polepole mtazamaji anagundua kwamba mtu pekee chumbani anayeelewa hasa wanachokijadili ni huyo anayewapa chakula. Miaka inapita, Hulda anafaulu mitihani, anaingia katika siasa, na mwanasiasa aliyekuwa bosi wake analazimika kumtazama upya kabla ya kumwomba ndoa.

Ni kichekesho, na kinamalizika kwa harusi kama vichekesho vingi. Lakini chini ya kicheko kuna Helsinki ya 1907 na wale wanawake 19. Wuolijoki hakubuni mtumishi anayepanda ngazi. Alikuwa amewaona wakipanda.

Sinema ya Kifini ilitoka mwaka huohuo wa 1937, ikiongozwa na Valentin Vaala. Miaka 10 baadaye Hollywood ikakichukua kisa. Studio ya RKO ilimhamisha Hulda kutoka Ufini hadi Minnesota, ikamgeuza kuwa Katie Holstrom, binti wa wahamiaji wa Kiswidi, anayefanya kazi katika nyumba ya mbunge na kuishia kugombea ubunge mwenyewe. Sinema hiyo, The Farmer's Daughter, ilimpa Loretta Young tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike, na baadaye ikazaa tamthilia ya televisheni. Kwenye orodha ya watayarishi Wamarekani walisoma kwamba kisa kinatokana na mchezo wa Juhani Tervapää. Mwanamke aliyeandika juu ya mtumishi asiyeonekana alishinda Marekani akiwa haonekani.

Mgeni aliyeondoka na kisa

Aprili 1940 Bertolt Brecht, mwandishi wa Kijerumani aliyemkimbia Hitler, alifika Helsinki pamoja na mkewe Helene Weigel, watoto wao wawili na msaidizi wake Margarete Steffin. Walikuwa wakingojea viza za Marekani na hawakuwa na pesa. Wuolijoki aliwaalika Marlebäck, nao wakakaa huko kuanzia Julai hadi vuli.

Jina la Brecht si geni kwa wasomaji wa tamthilia ya Kiswahili. Ebrahim Hussein, mwandishi wa Kinjeketile na Mashetani, alifanya masomo yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin Mashariki, mji ambako Brecht alikuwa amejenga kikundi chake cha Berliner Ensemble, na wahakiki wameziona alama za Brecht katika kazi zake. Kinachosahaulika ni kwamba mchezo uliokifungulia kikundi hicho pazia mwaka 1949, Herr Puntila und sein Knecht Matti, yaani Bwana Puntila na Mtumishi Wake Matti, ulianzia kwenye ukumbi wa jumba la Mwestonia.

Jioni za Marlebäck, Wuolijoki alikuwa msimulizi na Brecht msikilizaji. Katika shajara yake ya kazi Mjerumani huyo alimsifu sana kwa ufundi wa kusimulia. Miongoni mwa visa alivyomsimulia ni cha jamaa mmoja wa upande wa mumewe wa zamani, mwenye shamba aliyekuwa na roho mbili: akilewa anakuwa rafiki wa kila mtu, anawakumbatia vibarua na kuwachumbia wanawake kadhaa kwa usiku mmoja, pombe ikimtoka anakuwa bwana mkali anayehesabu kila senti. Wuolijoki alikuwa ameshakiandika kisa hicho kama mchezo, Sahanpuruprinsessa, Binti Mfalme wa Vumbi la Mbao. Wakakubaliana waufanyie kazi pamoja.

Brecht aliandika kwa wiki chache, kati ya Agosti na Septemba, na alipomaliza mwenyeji wake hakufurahi. Brecht mwenyewe aliandika kwamba mama huyo alishtuka, akaona kazi imekosa mvutano na imekosa kicheko. Mgongano wao unaeleweka. Wuolijoki alimpenda yule mlevi kwa sababu alimjua. Alimwona kama mtu mwenye moyo mkubwa uliofungiwa ndani ya kazi ya ubwana, na pombe ndiyo ufunguo. Brecht hakujali moyo wa mtu. Alitaka kuonyesha kwamba wema wa bwana hauna thamani kwa mtumishi ikiwa kesho yake asubuhi unaweza kufutwa. Ndiyo maana mwishoni dereva Matti anamwacha bwana wake na kuondoka, bila kungoja alewe tena.

Mchezo wa Brecht ni mkali zaidi na ndio uliozunguka dunia, kuanzia Zürich mwaka 1948. Lakini ondoa visa vya Wuolijoki, ondoa harufu ya birika la kahawa na bafu la mvuke, ondoa wale wanawake wa kijijini wanaochumbiwa na mlevi kisha wakajitokeza kudai uchumba wao, na hakibaki mchezo. Brecht alikiri kwenye kitabu kwamba umetokana na visa vyake. Wuolijoki naye alitoa toleo lake la Kifini baada ya vita. Haki ilitendeka kwenye karatasi, ila vinywani mwa watu Puntila ni wa Brecht peke yake.

Brecht hakuondoka na kisa kimoja tu. Mwenyeji wake alikuwa amekusanya nyimbo za jadi za Waestonia kuhusu vita na kuziunganisha kuwa utenzi mmoja, na Mjerumani huyo pamoja na Steffin waliutia katika Kijerumani. Vuli hiyohiyo Marlebäck iliuzwa, na mwaka 1941 Brecht akaendelea na safari yake ya Marekani kupitia Umoja wa Kisovieti.

Mpatanishi, mhaini, mkurugenzi

Kabla ya Brecht kufika, Wuolijoki alikuwa amefanya kazi nyingine ambayo haikuwa ya jukwaani. Tarehe 30 Novemba 1939 Umoja wa Kisovieti uliivamia Ufini. Moscow iliunda serikali ya vibaraka na kukataa kuzungumza na Helsinki. Wuolijoki alimwendea waziri wa mambo ya nje, Väinö Tanner, akasema anamfahamu balozi wa Kisovieti huko Stockholm, Alexandra Kollontai, na kwamba anaweza kujaribu. Januari 1940 alisafiri kwenda Stockholm. Wanawake hao wawili, wote waandishi, walizungumza, na mlango uliokuwa umefungwa ukapata upenyo. Amani ilitiwa saini Machi 1940. Ilikuwa chungu, kwani Ufini ilipoteza sehemu kubwa ya Karelia na watu zaidi ya 400,000 walihama makwao, lakini nchi haikumezwa. Nchi yake ya kuzaliwa haikuwa na bahati hiyo: Estonia ilitwaliwa na Umoja wa Kisovieti katika kiangazi cha mwaka huohuo.

Vita vilipowaka tena mwaka 1941, Ufini ilipigana bega kwa bega na Ujerumani. Mwaka 1942 Kerttu Nuorteva, jasusi wa Kisovieti mwenye asili ya Kifini, alirushwa Ufini kwa parachuti, na Wuolijoki akampa hifadhi. Alipokamatwa jasusi, mwenyeji naye akakamatwa. Mwaka 1943 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifungo cha maisha kwa uhaini.

Hapa msomaji ana haki ya kusita. Kumhifadhi jasusi wa nchi iliyo vitani na nchi yako ni kosa kubwa popote duniani, na waliomwita mhaini hawakuwa na kichaa. Alitaka amani, na pia aliiamini Moscow kuliko ilivyostahili kuaminiwa, Moscow ileile iliyokuwa imewapakia maelfu ya Waestonia wenzake kwenye mabehewa na kuwapeleka Siberia mwaka 1941. Aliyekuwa mwepesi wa kuona roho mbili za mwenye shamba alikuwa mzito wa kuiona roho ya pili ya dola aliyoipenda.

Gerezani aliandika kumbukumbu za maisha yake. Vita na Moscow vilipokoma Septemba 1944 wafungwa wa kisiasa waliachiwa, naye akatoka. Mwaka uliofuata akateuliwa mkurugenzi mkuu wa Yleisradio, shirika la utangazaji la taifa. Aliifungulia redio michezo ya kuigiza, mijadala na vipindi vya wafanyakazi, na kwa muda mfupi alikuwa pia mbunge. Upepo wa siasa ulipogeuka, Bunge lilibadili sheria ya redio mwaka 1948, na mwaka 1949 akaondolewa. Alifariki Helsinki tarehe 2 Februari 1954.

Familia haikutoka katika siasa. Mjukuu wake, Erkki Tuomioja, alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Ufini kwa miaka mingi, na aliandika kitabu juu ya bibi yake na Salme kilichopata tuzo ya Tieto-Finlandia mwaka 2006.

Hesabu ya kazi yake

Tukipima maisha yake kwa siasa, hesabu haifungi. Alikosea kuhusu Moscow, na hakuwahi kupatanisha jumba lake na mahubiri yake. Tukipima kwa tamthilia, hesabu ni nyingine kabisa. Msoshalisti huyu alimwandika Loviisa, mtetezi wa mali, kwa heshima ambayo mabepari wenyewe hawajawahi kumpa mhusika wao. Mwenye shamba huyu alimwandika Hulda, mtumishi, kama mtu aliyezidi mabwana zake akili. Kila mara alipoandika alimpa mtu wa upande wa pili maneno bora zaidi, kwa kuwa alikuwa ameishi pande zote mbili.

Huo ndio ufundi ambao mwandishi wa tamthilia wa lugha yoyote anaweza kuuchukua kwake bila kulipa hakimiliki. Michezo mingi inayokufa baada ya msimu mmoja hufa kwa sababu mwovu wake ni mjinga na mwema wake hana dosari. Mtazamaji anajua mwisho kabla pazia halijafunguka. Unayeandika sasa, mpe adui yako sababu ambazo wewe mwenyewe utapata shida kuzijibu. Wuolijoki alifanya hivyo mwaka 1936, na Wafini bado wanabishana na Loviisa.